Nirudishieni Kazi Yangu ya Zamani

Haya ni maneno niliyoyasema mbele ya kikao chetu cha wapenzi wa muziki hapa Nairobi. Waliokosa kufika wameomba niyaweke yote, nami nimeyaweka yalivyo. Picha zilizokuwa ukutani nimeziacha.

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wangu mliokaa mbele, akina mama, na nyinyi vijana mliosimama pale mlangoni kama watu wanaotafuta upenyo wa kutoroka: hamjambo?

Hamjambo nyote? Haya, sasa nimesikia.

Wenzangu walionitangulia katika vikao hivi wametupeleka kwenye rumba, kwenye taarab, kwenye benga. Mimi leo nawapeleka mbali kidogo, magharibi mwa Ayalandi, mahali pa mvua na kuta za mawe. Nawaleteeni bendi inayoitwa The Saw Doctors na albamu yao ya kwanza ya mwaka 1991. Jina la albamu hiyo ni If This Is Rock and Roll, I Want My Old Job Back. Yaani: kama huu ndio muziki wa roki, nirudishieni kazi yangu ya zamani.

Mmecheka. Nami nilicheka. Lakini hebu niulize: ni nani anayetoa albamu yake ya kwanza, ndoto ya ujana wake wote, halafu juu ya jalada anaandika kwamba anataka kuacha? Bendi za roki hutuambia zimekuja kuiteka dunia. Hawa wametuambia wamechoka kabla hatujafungua kasha.

Na kazi yenyewe ya zamani ni ipi? Hilo swali lishikeni, maana ndilo litakalotubeba jioni ya leo.

Twende kwanza kwenye mji. Unaitwa Tuam, katika kaunti ya Galway, kama kilomita 35 kaskazini ya mji wa Galway wenyewe. Ni mji wa maelfu machache ya watu. Una kanisa kuu, una uwanja wa katikati ambapo barabara zinakutana, una baa, una shule za watawa. Na tangu mwaka 1934 ulikuwa na kiwanda cha sukari. Wakulima wa pande zile walilima viazisukari, wakavileta kiwandani, na msimu wa kusaga ukawa ndio msimu wa pesa. Katikati ya miaka ya 1980 kiwanda kikafungwa.

Mliotoka upande wa Mumias hamhitaji kuelezwa zaidi. Kiwanda cha sukari kikisimama, husimama na duka la nguo, na fundi wa baiskeli, na harusi zilizokwisha kupangwa.

Wakati huohuo Ayalandi nzima ilikuwa taabani. Kati ya kila watu sita wa kufanya kazi, takriban mmoja hakuwa na kazi. Watu wakaanza kuondoka: London, Boston, New York, popote. Katika mwaka mmoja tu, ule ulioishia Aprili 1989, waliondoka zaidi ya watu 70,000. Nchi yenyewe ilikuwa na watu milioni tatu na nusu. Watu elfu sabini, wengi wao vijana, ndani ya mwaka mmoja!

Sasa ndani ya mji huo, mwaka 1986, wakati huohuo wa kiwanda kufa, jamaa wawili wakaanzisha bendi. Wa kwanza ni Davy Carton, aliyekuwa ameimba katika bendi ya panki ya hapohapo Tuam iliyoitwa Blaze X. Bendi ikavunjika, Carton akawa mtu wa kazi ya kiwandani. Wa pili ni Leo Moran, mpiga gitaa, ambaye kabla ya hapo alikuwa katika bendi ya rege. Ndiyo, rege. Rege ya Tuam! Na bendi hiyo iliitwa Too Much for the White Man. Fikirini vijana weupe kama maziwa, katika mvua ile, wakipiga rege chini ya jina la kusema kwamba jambo limemzidi Mzungu. Hapo ndipo nilipojua kwamba watu hawa nitapatana nao.

Na jina la Saw Doctors lilitoka wapi? Zamani kulikuwa na mafundi waliotembea kutoka kiwanda cha mbao hadi kingine wakinoa na kutengeneza misumeno, kama yule jamaa wetu wa baiskeli anayepita mitaani akinoa visu. Anafika, anafanya kazi, analipwa, anaondoka, na hakuna anayejua amelala wapi. Bendi ikachukua jina la mafundi hao. Kwa hiyo jina la bendi ni la kazi, na jina la albamu ni la kazi, na mji umepoteza kazi. Mnaiona kamba inavyosokotwa?

Ndiyo maana nasema kichekesho cha jina lile kina shimo chini yake. Nirudishieni kazi yangu ya zamani! Ipi? Kiwanda kimefungwa. Rafiki zako wako London wanabeba matofali. Hakuna wa kukurudishia kitu. Utacheka, kisha utakanyaga hewa.

Wazee wangu, kuna aina mbili za mcheshi. Kuna anayechekesha kwa sababu hana la kusema, na kuna anayechekesha kwa sababu ana la kusema ambalo akilisema wazi litamtoa machozi mbele za watu. Wa Tuam ni wa aina ya pili, ingawa nakiri mara nyingine huingia na kwenye ile ya kwanza. Nitalifikia hilo.

Sasa kisa cha jinsi walivyotoka. Mwishoni mwa miaka ya 1980 bendi ya The Waterboys ilikuwa imepiga kambi katika kaunti hiyohiyo ya Galway. Kiongozi wao, Mike Scott, ni Mskoti wa Edinburgh, na wakati huo alikuwa tayari mtu mwenye jina. Walikuwa kijiji cha Spiddal, kando ya bahari, wakirekodi sehemu ya albamu yao ya Fisherman's Blues iliyotoka mwaka 1988. Scott alikuja kutafuta muziki wa kienyeji. Alitaka fidla na filimbi na wazee wenye kumbukumbu. Usiku akaingia kwenye baa za Galway, na badala ya wazee akawakuta hawa vijana wa Tuam na gitaa zao za umeme na mandolini, wakiimba juu ya wasichana wa shule ya watawa na magari ya zamani, na baa nzima ikiitikia.

Scott akawachukua. Akawapandisha jukwaani watangulie katika ziara ya Waterboys. Akawatengenezea singo ya kwanza mwaka 1989, wimbo unaoitwa N17. Haukufika mbali mara ya kwanza.

Kisha mwaka 1990 wakatoa I Useta Lover.

Wimbo huo, jamani, siwezi kuueleza wote mbele ya wazee hawa na padri aliyekaa safu ya tatu. Nitaueleza kwa adabu. Kijana yuko kanisani. Misa inaendelea. Msichana aliyewahi kumpenda anatoka kupokea komunyo, anarudi kwenye benchi lake. Na macho ya kijana hayakuwa altareni. Basi. Jina lenyewe limeandikwa vile watu wa Tuam wanavyotamka, maneno yamebanana kama abiria. Kijana anasema alikuwa akimpenda, zamani, sasa hampendi tena kabisa, na anavyolirudia hilo ndivyo unavyojua kwamba bado.

Wimbo ule ulikaa nambari moja Ayalandi kwa wiki tisa. Wiki tisa! Ukawa singo iliyouzwa kuliko zote katika historia ya chati za nchi hiyo hadi wakati huo. Baada yake N17 ikatolewa upya, nayo ikapanda mpaka juu. Mwaka uliofuata ikaja albamu.

Kwa nini wimbo wa mzaha wa mji mdogo uliwashika watu hivyo? Nina jibu langu, mnaweza kulikataa. Waimbaji wengi wa roki wa Ayalandi walikuwa wakiimba kwa lafudhi ya Kimarekani, na katika nyimbo zao magari yalipita kwenye majangwa ambayo hawajawahi kuyaona. Bendi ya The Pogues ilikuwa imeshavunja mlango huo tangu miaka ya mwanzo ya 1980, lakini The Pogues ni bendi ya London, na hasira yake ni hasira ya jiji. Saw Doctors waliimba kwa lafudhi ya shambani. Dublin wana neno la dharau kwa watu wa mashambani, culchie. Sisi hapa tungesema mshamba. Na hawa jamaa waliubeba ushamba huo wakapanda nao jukwaani, wakauchekea wenyewe kabla mwingine hajauchekea. Ukishajicheka mwenyewe, adui anabaki na silaha gani?

Hebu tazameni vitu wanavyoviimba. Kuna wimbo unaitwa Red Cortina. Ni wimbo wa mapenzi, lakini una gari la Ford Cortina jekundu ndani yake, gari la kawaida kabisa la familia. Ford walikuwa na kiwanda mjini Cork kilichokuwa kikiyaunda magari hayo, nacho kikafungwa mwaka 1984. Wazee wangu mnaijua Cortina. Mnaijua vizuri! Nani hapa anakumbuka Safari Rally ya 1964? Mzee kanyanyua mkono. Ilishinda Cortina, ikiendeshwa na Peter Hughes na Billy Young. Basi gari lilelile lililokula matope ya kwetu na kuwa shujaa, kule Tuam lilikuwa gari la baba wa jirani, na likatosha kutiwa kwenye wimbo wa roki. Mwingine angeandika Cadillac.

Kuna wimbo mwingine unaitwa Irish Post. Hilo ni gazeti la Waayalandi waishio Uingereza, linachapishwa London tangu 1970. Kuna Presentation Boarder, msichana wa bweni katika shule ya masista wa Presentation. Huwezi kuuelewa wimbo huo kama hujui kuna ukuta, kuna lango, na kuna sista mwenye funguo. Mliosoma shule za bweni mnacheka kwa sababu mnaujua ukuta huo.

Upande wa muziki wenyewe sitakaa sana. Gitaa za umeme ziko mbele na ngoma zimenyooka. Mandolini inapitapita katikati na kuupa mdundo ule mruko wa densi za Kikelti, na filimbi huchungulia ukiwa umeshaisahau. Viitikio vimetengenezwa kwa ajili ya watu mia tatu waliobanana na jasho. Usitafute ufundi wa kushangaza. Nyimbo ni fupi na zinajulikana mwisho wake tangu mwanzo. Carton anaimba kama mtu anayekusimulia jambo akiwa ameegemea kaunta.

Sasa nije kwenye N17 yenyewe, maana ndiyo iliyonileta hapa.

Mimi sikuipata albamu hii mwaka 1991. Niliipata nikiwa nimechelewa miaka thelathini, na aliyenifikisha ni Mwafrika. Usiku wa tarehe 31 Desemba 2020, televisheni ya taifa ya Ayalandi, RTÉ, ilifanya kipindi cha kuukaribisha mwaka mpya. Mnakumbuka mwaka ule. Korona. Wahamiaji walikuwa wameambiwa wasirudi nyumbani Krismasi. Mama yuko Galway, mtoto yuko London, na safari ya ndege ya saa moja na kidogo imekuwa ndefu kuliko bahari yote. Usiku huo akasimama dada mmoja mbele ya okestra ya RTÉ akaimba N17. Anaitwa Tolü Makay. Alizaliwa Nigeria, akapelekwa Ayalandi akiwa na miaka mitano, akakulia Tullamore.

Video ile ilienda kila mahali. Ikafika mpaka kwenye simu yangu kupitia jamaa yangu aliyeko Ulaya. Hakuandika kitu. Alituma tu.

Nikasikiliza. Dada anaimba polepole, okestra inapanda nyuma yake. Anaimba habari za barabara. N17 ni barabara, jamani! Ni namba tu, kama sisi tunavyosema A104. Kijana anaondoka. Baba yake anamwendesha kwenda uwanja wa ndege wa Shannon. Wanafika Claregalway, wanakata kushoto, na hapo kijana anasikia koo linamkaba. Hajalia nyumbani, hajalia kwa mama, hajalia uwanjani. Amekabwa na kona. Kisha yuko ughaibuni, kwenye treni chafu zilizojaa watu, hana wa kuzungumza naye, na kichwani anaziendesha tena zile kona za barabara ya kwao, moja baada ya nyingine.

Nikasema, hii lazima ni ngoma ya maombolezo ya karne iliyopita. Nani kaiandika? Nikatafuta. Nikakutana na jalada lenye jina refu la kipuuzi. Kama huu ndio muziki wa roki, nirudishieni kazi yangu. Nikabofya wimbo uleule, na loh! Gitaa zikalipuka. Watu wanashangilia. Wimbo uleule wa kukabwa koo, hawa wanauimba kama watu wanaofukuzana na basi la mwisho.

Maneno ni yaleyale. Lipi ni toleo la kweli?

Nimelifikiria swali hili sana, na nadhani dada Tolü alifanya kazi moja tu: aliondoa kicheko ili tuone kilichokuwa kimefunikwa. Hakuongeza huzuni. Huzuni ilikuwapo tangu 1989, imelala chini ya gitaa, na Waayalandi wa London na Boston walikuwa wakiijua muda wote walipokuwa wakirukaruka. Na tazameni jambo jingine. Wimbo ulioandikwa juu ya mtoto wa Ayalandi anayeondoka umeimbwa na mtoto wa Nigeria aliyeingia. Taifa zima likamsikiliza yeye, msichana aliyezaliwa mbali na barabara hiyo, akiwaambia jinsi wanavyoikosa barabara yao. Wapo waliojiuliza ana haki gani? Huenda. Mimi nauliza, nani anajua zaidi habari ya koo kukabwa njiani kuelekea uwanja wa ndege?

Na barabara yenyewe imebadilika. Septemba 2017 ilifunguliwa barabara kuu mpya kutoka Tuam kuelekea kusini hadi Gort, yapata kilomita 57 kwa jumla. Leo ukitoka Tuam kwenda Shannon hulazimiki kupita Claregalway. Huikati kushoto ile kona. Wenye magari wamefurahi, maana foleni za Claregalway zilikuwa maarufu kwa ubaya. Lakini kuna kizazi kizima kitakachoimba kona ambayo hakijawahi kuikata kwa huzuni.

Nilisema nitawafikia pale wanapochekesha bila la kusema. Albamu hii ina nyimbo kumi na kadhaa, na si zote zina uzito. Kuna za mapenzi ambazo ukizisikia mara mbili zimekwisha. Na hilo la kumtazama msichana anayetoka komunyo, binti yangu aliponisikia nikilicheza aliniuliza: baba, na yeye msichana anasemaje? Sikuwa na jibu. Wimbo hauna jibu pia. Msichana hasemi kitu. Mwaka 1990 nchi nzima ilicheka. Leo nacheka, lakini nacheka nikitazama pembeni kwanza.

Nimalizie na kisa ambacho hata wangekitunga wangeambiwa wametia chumvi. Baada ya albamu ya kwanza walijiunga na mpiga akodioni na kinanda, Mwelisi, anaitwa Tony Lambert. Mtu mzuri, fundi. Mwaka 1993 Lambert akanunua tiketi ya bahati nasibu ya taifa ya Ayalandi. Akashinda. Mamia ya maelfu ya pauni!

Mnajua alifanya nini?

Aliacha bendi. Bendi iliyouambia ulimwengu kwamba inataka kuacha kazi, mtu wa kwanza kupata uwezo wa kuacha, akaacha kweli. Na waliobaki hawakununa. Miaka mitatu baadaye, mwaka 1996, walitoa albamu iliyokuwa na wimbo unaoitwa To Win Just Once, hamu ya kushinda angalau mara moja tu, na ukaingia ishirini bora za Uingereza. Carton na Moran ndio walioendelea kuibeba bendi miaka yote iliyofuata. Kazi ya zamani hakuna aliyewarudishia, kwa hiyo wameendelea na hii.

Kwa wanaotaka kuanza, nashauri hivi. Anzeni na Red Cortina, halafu Irish Post, halafu N17 ya bendi yenyewe. Ya dada Tolü isikilizeni siku nyingine kabisa, mkiwa peke yenu. Mkianza nayo, kama nilivyoanza mimi, zile nyingine zitawachanganya kwa wiki nzima. I Useta Lover chezeni watoto wakiwa wamelala.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nimeona, mheshimiwa. Maswali yatakuja baada ya chai, na padri nimemwahidi nafasi ya kwanza. Kijana wa spika, tuwekee Red Cortina kwa ajili ya mzee wetu wa Safari Rally, na usiogope kupandisha sauti.